Mwongozo kamili: Namna ya kumtengenezea mtu mzima vifaa vya kujifunzia kusoma na kuandika

Habari zenu wapendwa. Hii itakuwa ndefu, ila naulizwa kitu hikihiki kila wiki kwa hiyo nimeona bora niandike yote mara moja. Mtu ana mama yake, au shangazi, au fundi wake wa siku zote, anataka kujua kusoma. Anamnunulia kitabu cha darasa la kwanza pale Kariakoo, mtu mzima anasoma siku mbili, siku ya tatu hayupo, halafu inasemwa watu wazima hawana nia. Jamani nia wanayo. Mama anayefunga meza yake ya biashara saa kumi na mbili jioni, akapika, akalisha watoto, halafu akaja darasani na mdogo wa mwisho kambeba mgongoni, huyo ana nia kubwa kabisa. Anachokosa ni kitu cha kusoma kinachomhusu yeye.

Mi nafundisha kikundi cha watu wazima huku Temeke, Dar es Salaam, tunakaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mwenzetu mmoja. Wapo mama lishe, wauza dagaa, walinzi wawili, kijana wa bodaboda na bibi mmoja ambaye kwa umri ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi, nikifika namwamkia shikamoo bibi kabla sijafungua hata mfuko wa chaki. Haya nayoyaandika hapa ndo tunayotumia sisi, pesa inayotumika ni ndogo tu, kinachohitajika zaidi ni muda wako.

Na wala si jambo jipya. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kule Kanda ya Ziwa tangu 1968 kulikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ambapo vitabu vya kusomea viliandikwa kufuata kazi za watu, mkulima wa pamba ana kitabu cha pamba, wa migomba ana cha migomba, mvuvi ana cha uvuvi, mfugaji ana cha ng'ombe. Ndo maana wazee wetu wakakiita kisomo chenye manufaa. Kulikuwa hata na gazeti la vijijini likiitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliotoka kujua kusoma wasije wakasahau. Sasa we ukianza na "Juma ana mpira" kwa mtu wa miaka 50 unakuwa umerudi nyuma ya pale wazee walipofika zamani hizo.

Hatua ya 1: Jua anakwama wapi kabla hujakata hata karatasi moja

Usimpe mtihani. Mtihani ndo kitu kilichomkimbiza shule, au ndo kitu anachosikia watoto wake wanakililia. Kaa naye, piga stori, halafu katikati ya stori mwombe akusaidie vitu vinne: aandike jina lake, asome bango la daladala linalopita au maandishi ya kwenye mfuko wa unga, asome meseji moja fupi kwenye simu yake, na akutajie bei tatu ulizoandika kwenye kikaratasi. Dakika kumi zinatosha.

Utakuta watu wa aina tatu. Wa kwanza hajui herufi kabisa ila namba za pesa anazijua vizuri, na hawa ni wengi kuliko mnavyodhani, mtu hasomi neno lakini chenji humuibii. Wa pili anajua herufi, pengine alisoma mpaka darasa la pili au la tatu akaacha, anataja m, a, m, a lakini akiambiwa aziunganishe anakwama. Wa tatu anasoma ila polepole, akifika mwisho wa sentensi mwanzo keshausahau, na kuandika ndo hataki kabisa. Huyu wa tatu asiwekwe pamoja na wa kwanza, atachoka, na wa kwanza ataona aibu.

Kitu kingine hapohapo, angalia macho. Mtu akishavuka miaka 40 macho yake ya karibu yanaanza kuchoka, hiyo ni kawaida ya mwili. Ukiona anausogeza mkono mbali ili asome, au uzi hauingii kwenye sindano mpaka aite mtoto, huyo anahitaji miwani ya kusomea kabla ya kuhitaji mwalimu. Tulikuwa na baba mmoja mlinzi nilimfundisha karibu miezi miwili nikiona haendi popote, mpaka siku moja akaazima miwani ya jirani kwa utani tu akasema "kumbe hivi vidudu vimeachana!" Alikuwa anaona mstari mweusi tu muda wote ule. Iliniuma sana, kwa sababu alishaanza kuamini kwamba yeye kichwa chake ni kizito. Kwa hiyo macho kwanza, mpeleke akapimwe, na darasa lenu liwe kwenye mwanga.

Hatua ya 2: Kusanya maneno yake

Chukua daftari, kaa kwenye kazi yake nusu siku. Kaa kweli, usimuulize tu. Andika kila neno lililoandikwa mahali na linalopita mbele yake. Kwa muuza dagaa pale kwetu nilipata: dagaa, kilo, nusu, robo, bei, deni, Temeke, Kariakoo, Mwanza (gunia zinakotoka), chumvi, mfuko, na majina ya wateja wake wa mkopo ambayo hayakuwa majina bali ni fundi, mama mkaa, dereva, teacha. Kwa bodaboda ni kitu kingine kabisa: leseni, bima, mafuta, Buguruni, Tandika, Posta, kofia, faini. Kwa mzee anayekwenda kliniki ya presha ni dawa, asubuhi, jioni, tarehe.

Maneno 30 hadi 40 yanatosha kuanzia. Halafu muulize swali moja tu, "ukijua kusoma, kitu gani utasoma cha kwanza?" Majibu yake yaandike kama yalivyo. Mmoja aliniambia anataka kusoma meseji za mwanawe aliye Oman bila kumpa jirani simu amsomee. Huyo sasa vifaa vyake unavijua tayari, ni meseji. Mwingine anataka kusoma Kurani kwa tafsiri, mwingine Biblia, mwingine anataka tu siku akienda benki aweke saini, asipakwe wino kwenye dole gumba mbele za watu. Kila mmoja na njia yake.

Hatua ya 3: Chagua neno la kwanza, hapa ndo penye kazi

Kiswahili kina neema kubwa ambayo tunaichukulia poa. Irabu ni tano tu, a e i o u, na kila moja inasomeka vilevile popote ilipo. Silabi karibu zote zinaishia na irabu. Kwa hiyo mtu akishika familia moja, ma me mi mo mu, ameishika maisha. Unachotakiwa ni kutafuta neno moja la kwake ambalo ukilivunja linakupa familia nyingi zenye kazi. Paulo Freire yule Mbrazili alifanya hivi na wafanyakazi wa kwao, alichukua neno tijolo, yaani tofali, akalivunja ti, jo, lo, kila kipande kikazaa familia yake, watu wakaanza kujitungia maneno wenyewe.

Kwetu sisi neno la kwanza ni Temeke. Angalia lilivyo zuri: Te-me-ke. Silabi tatu, zote wazi, irabu ileile moja, na kila mtu analiona kila siku kwenye mabango. Lina familia tatu:

ta te ti to tu
ma me mi mo mu
ka ke ki ko ku

Ukiongeza irabu tano zenyewe na ile m inayosimama peke yake, umepata: mama, kaka, kuku, moto, kumi, tamu, kiti, kitu, mtu, mti, mto, mkate, mkeka, mkaa, ukuta, tikiti, timu, koti. Na kwa sababu wakati uliopo hali ya kutimia unaandikwa -me-, na silabi hiyo tayari anayo, anaweza kusoma sentensi kamili za watu wazima wiki ileile ya kwanza au ya pili:

Mama amekata tikiti.
Kuku ametoka.
Mkate umekauka.
Kaka ametumia mkaa.
Umeme umekatika.

Hiyo ya mwisho siku nilipoiandika ubaoni yule bibi aliisoma u-me-me, akanyamaza, akarudia, halafu akaisoma yote kwa pumzi moja akapiga makofi mwenyewe, maana hakuambiwa na mtu, na umeme siku hiyo kweli ulikuwa umekatika tunatumia taa ya kuchaji. Hicho ndo kitu unachokitafuta, mtu asome jambo ambalo angelisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Kama uko mahali pengine tafuta neno la hapo. Kigoma ni zuri sana, ki-go-ma. Tabora, ta-bo-ra, nalo zuri. Kisumu ni zuri kwa sababu k, s na m zinakupa samaki, na pale ziwani samaki ni maisha yao. Goma kule Kongo linafaa pia. Mwanza kwa kuanzia ni gumu, mwa na nza zote zina konsonanti zilizobanana, liache mpaka baadaye hata kama mwanafunzi wako katokea huko.

Baada ya hapo nafuata mpangilio huu, si sheria ila kwetu umekubali: l, s, p, n. Kisha b, d, g, j, w, y. Kisha r, h, f, v, z. Halafu ch, sh, ny. Halafu zile zenye pua, mb, nd, nj, ng, nz, mv. Halafu kw, mw, bw, sw, tw. Mwisho kabisa th, dh, gh na ng'. Kila familia mpya iingie kupitia neno la kazi. Dagaa analeta d na g kwa mpigo, pesa analeta p na s, mchele analeta ch na l, nyanya analeta ny. Usiingize familia mpya kabla ya zile za nyuma hazijakaa, na usiharakishwe na mtu anayeuliza mmefika wapi.

Hatua ya 4: Tengeneza kadi na ubao

Kadi za silabi. Tafuta maboksi magumu, ya biskuti, ya sabuni, ya dawa, duka lolote watakupa bure. Kata vipande vya upana wa vidole vinne, andika silabi kwa maka nyeusi nene upande usio na maandishi. Herufi ndogo kama a, sio kubwa kama A. Kila silabi ya mwanzo itengenezee kadi mbili maana mama na kuku vinahitaji silabi ileile mara mbili, hili watu husahau halafu darasani wanakwama. Kata kona moja ya chini kulia kwa mkasi, ili mtu ajue kadi iko wima au kaigeuza, hasa hasa kwa n na u ambazo ukizipindua zinabadilishana.

Matumizi yake: unamwekea te, me, ke mezani. Anasoma. Unatoa te unaweka ma, anasoma ma-me-ke, unamuuliza hilo ni neno? Hapana. Haya panga lako. Unamwacha. Kazi ya mwalimu hapo ni kunyamaza, na nakuambia ukweli kunyamaza ni kugumu kuliko kufundisha. Usimtajie. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo ndo useme kitu.

Ubao ni kipande cha plywood na rangi nyeusi ya ubao, paka mara mbili acha ikauke siku nzima. Kama huna, sakafu ya sementi na chaki inafaa sana kwa wiki za mwanzo, mikono iliyozoea mwiko na jembe inaandika vizuri ikipewa nafasi kubwa. Watu wengi wanamkimbizia mtu daftari la mistari midogo siku ya kwanza, anabana kalamu mpaka vidole vinauma, anatoboa karatasi, anaona ameshindwa. Aanze na chaki herufi za ukubwa wa sahani, aje kwenye penseli ya HB na daftari la mistari mipana, kalamu ya wino mwisho.

Kama una uwezo tengeneza bango kitita, yaani karatasi kubwa za manila umezibana juu kwa vipande viwili vya ubao, kila ukurasa familia moja na sentensi zake tano. Unalikunja unaondoka nalo kwapani, unafundisha hata chini ya mwembe.

Hatua ya 5: Aseme yeye, we andika

Hii kwangu ndo mali kuliko zote na haihitaji hata shilingi mia. Muulize, jana ilikuwaje? Atakusimulia. We andika sentensi nne au tano, fupi, kwa maneno yake mwenyewe, kwa maandishi makubwa ya kuonekana. Bibi alisema hivi:

Jana mvua imenyesha.
Dagaa zangu zimelowa zote.
Nimeanika tena leo.
Nimepata hasara lakini namshukuru Mungu.

Soma ukionyesha kidole chini ya kila neno. Someni pamoja. Asome peke yake, na atasoma hata maneno ambayo silabi zake hajafika, kwa sababu anajua kilichoandikwa ni chake. Kesho yake andika sentensi zilezile kwenye vipande virefu vya karatasi, zichanganye, azipange. Keshokutwa kata sentensi moja iwe maneno, aipange. Ukifika siku ya nne anaiandika mwenyewe daftarini.

Sasa kuna watu watasema pale ilipaswa iwe "dagaa wangu wamelowa". Najua. Mwanzoni naandika kama alivyosema, kwa sababu jicho lake linatafuta kile sikio lake lilichosikia, ukimwandikia kitu kingine unamvuruga, anafikiri amesoma vibaya kumbe we ndo umebadilisha. Sarufi tunaisahihisha akishasoma vizuri, na tena ataiuliza mwenyewe.

Kusanya hizi hadithi. Miezi sita una hadithi 40 za watu wenu wenyewe, na mwanafunzi anayekuja mwakani atasoma habari za mvua ya bibi.

Hatua ya 6: Kuchapa kijitabu kisichoumiza macho

Ukiwa na kompyuta au hata simu, kuna fonti ya bure inaitwa Andika, imetengenezwa na shirika la lugha la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na jina lake ni hilohilo neno letu la Kiswahili. Uzuri wake a imeandikwa kama tunavyoiandika kwa mkono, na I kubwa, l ndogo na 1 hazifanani. Tumia saizi 20 au 22 kwa wanaoanza, 16 kwa wale wa aina ya tatu, usishuke chini ya 14 kamwe. Nafasi ya mistari iwe moja na nusu. Usinyooshe kingo za pande zote mbili, acha kulia kubaki na meno meno, la sivyo maneno yataachana vibaya. Neno lisikatwe mwishoni mwa mstari. Sentensi moja, mstari mmoja. Ikiwa ndefu, ivunje pale mtu angevuta pumzi.

Picha iwe moja kwa ukurasa, na iwe ya kweli, picha ya simu ya meza ya dagaa inashinda mchoro wa katuni. Katuni za sungura ana kofia zinamwambia mtu mzima kwamba hiki kitabu si chake.

Kijitabu cha kurasa 8 kinatoka kwenye karatasi mbili tu za A4 zilizokunjwa katikati. Mpangilio ni huu, andika mahali usisahau: karatasi ya kwanza mbele ni ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake 2 na 7. Karatasi ya pili mbele ni 6 na 3, nyuma 4 na 5. Toa kopi, kunja, choma katikati kwa sindano na uzi au stepla. Mtaani kwetu kopi upande mmoja nalipa shilingi 100, kwa hiyo kitabu kizima ni 400.

Kabla hujatoa kopi nyingi, jaribu. Mpe mtu mmoja asome bila msaada. Kwenye kila maneno kumi akikwama zaidi ya mawili, kimemzidi, rudi kakirahisishe. Asipokwama hata mara moja, kimemwishia, peleka kwa mwenzake.

Hatua ya 7: Karatasi za maisha

Hapa ndo mtu anaona faida kwa macho. Nachukua vitu halisi.

Bahasha ya dawa. Mara nyingi imeandikwa 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni vidonge vingapi, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Tulichukua bahasha tupu tukaandika aina zote, kila mtu akapanga punje za maharage mbele ya kila bahasha, asubuhi, mchana, jioni. Mama mmoja alishtuka pale, alikuwa akiona 1x3 anampa mtoto vidonge vitatu kwa mara moja. Na kwenye paketi tafuta EXP, yaani mwisho wa kutumia dawa, hiyo ifundishe kama alama, isome pamoja na mwezi na mwaka unaofuata. Wakiwa na wasiwasi wowote warudi kwa muuza dawa kuuliza, kusoma hakuondoi kuuliza.

Luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Tokeni, ile namba unayopewa ukinunua umeme, ina tarakimu 20. Waandike kwa mafungu ya nne nne, mafungu matano, ndo wabonyeze. Wiki hiyohiyo wataacha kumwita mtoto wa jirani.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nayo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Watu wazima wanafurahi sana kujikuta humo. Lakini kila mtu aisomee kwake, usiandike namba ya mtu ubaoni.

Noti. Tumia noti yenyewe, usiipige kopi. Mwekundu wa elfu kumi anaujua kwa rangi, sasa asome maneno, e-l-fu, ku-mi. Kumi alishaisoma kwenye familia ya Temeke.

Daftari la madeni. Hili nilieleze vizuri. Yule mama wa dagaa alikuwa na kaunta buku lake kuukuu, linanukia dagaa, kila mteja kamchorea alama yake: fundi ni nyundo, dereva ni duara kama usukani, mama mkaa ni kipande kilichopakwa weusi, na mbele yake vijiti, kila kijiti buku moja, yaani shilingi elfu moja. Ilikuwa hesabu safi kabisa, mi nilimwambia mama hii ni maandishi tayari. Hatukulitupa. Tulichora safu nne, ya kwanza tukaacha alama yake, ya pili jina, ya tatu kitu alichochukua, ya nne pesa kwa tarakimu. Kwa wiki kama sita aliandika vyote viwili, mchoro na neno. Taratibu nyundo ikaanza kuwa ndogo, ikawa mstari tu, halafu siku moja nikafungua nikakuta imeandikwa "fundi nusu kilo 4000" bila nyundo. Hakuniambia kitu, aliendelea kupima dagaa.

Kuandika jina na saini

Hili fanya mapema hata kama silabi za jina lake hazijafikiwa. Andika jina lake kwa maka kwenye kadi, weka juu ya kadi plastiki nyepesi inayopitisha maandishi, apitishe kalamu ya ubao juu yake, afute, arudie. Halafu chora visanduku kama vya fomu, kila herufi kisanduku chake, hapo ndo unamfundisha herufi kubwa maana fomu nyingi zinataka herufi kubwa. Saini ije mwisho, na awe nayo moja tu isiyobadilika. Aifanyie mazoezi kwenye mstari mfupi, sababu mstari wa kwenye fomu ni mfupi kweli na ukimzoesha ukurasa mzima siku ya siku itamshinda.

Simu

Watu wengine wanaanza kuandika kwenye simu kabla ya daftari, wala usikatae. Ongeza saizi ya maandishi kwenye mipangilio ya simu, zima ile ya kukubadilishia maneno yenyewe kwa sababu inageuza Kiswahili kuwa Kiingereza na anafikiri kakosea. Fungua grupu dogo la WhatsApp. Kila asubuhi tuma sentensi moja, baada ya saa moja tuma sauti yako ukiisoma sentensi ileile. Anasoma, halafu anajihakiki kwa sikio. Ajibu kwa maneno mawili matatu. Anza na "nipo", "nakuja", "sawa", "asante". Na meseji za pesa zifundishwe kwa makini, aone wapi pameandikwa umepokea, kiasi gani, na salio, kisha ahakikishe salio lake mwenyewe kwenye menyu, kwa sababu matapeli wanatuma meseji zinazofanana na za kweli na wanaotafutwa ni hawahawa.

Yale magumu

Ng na ng'. Tengeneza kadi mbili za rangi tofauti, ngoma, nguo, ngazi upande mmoja, ng'ombe, ng'oa, ng'aa upande wa pili, watamke huku wameshika pua kidogo.

L na r inasumbua wengi kutokana na lugha za nyumbani na haina aibu yoyote. Tumia jozi ambazo maana inabadilika: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. "Nimeenda kula" na "nimeenda kura" zinachekesha darasa zima na hazisahauliki. Ila msiifanye mapema, wala usimkatize mtu katikati ya kusoma kwa ajili ya l na r, acha amalize.

Akishajua

Hapa ndo kampeni kubwa za zamani ziliumizwa, watu walipata vyeti halafu nyumbani hakuna cha kusoma, wengine wakasahau. Weka sanduku. La kwetu ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ndani kuna vijitabu vyetu, magazeti ya zamani, vipeperushi vya kliniki na kilimo, vitabu vya dini vya pande zote, na karatasi moja ya kuandika nani kachukua nini na lini. Karatasi hiyo anaijaza mwenyewe, jina, kitabu, tarehe. Anakaa nacho wiki moja. Kila kijitabu kina mfuko wake wa plastiki wa kubana, kwa sababu kitasomewa pembeni ya sufuria na mezani kwenye dagaa, na mvua za masika hazibishi hodi.